Maji Yaliyopotea Kati ya Mbita na Ahero

Mmeniuliza sana. Tangu nirudi kazini, kila anayeingia chumba cha walimu ana swali lile lile: "Mwalimu, ni kweli gari lilikufia njiani na mkweo yuko ndani?" Gari halikufa. Nimeamua kuandika yote mara moja mjisomee, kisha mniache nisahihishe daftari za watoto wa watu.

Kwanza mjue tulikuwa nani. Dereva ni mimi. Mbele kushoto ni mke wangu, Mama Apiyo, ambaye ulimi wake mnaujua. Nyuma ni mama yake mzazi, mjane wa miaka sabini na kitu anayeishi kando ya ziwa, nje kidogo ya Mbita. Ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, kiasi kwamba watu amekuwa akiwatambua kwa sauti na kwa mwendo. Halafu kuna gari lenyewe, ambalo lingekuwa mtu lingekuwa limeshapiga kura mara kadhaa. Mke wangu huliita nyieka, yaani mke mwenza, kwa madai kwamba Jumamosi zangu zote huishia kwake.

Kwa miaka mitatu tulimbembeleza mama akubali kutibiwa macho, naye akawa anakataa. Mwaka huu akakubali kwa sharti lake. Achukuliwe na watoto wake, ndani ya gari la watoto wake, na iwe mara moja tu. "Ikishindikana safari hii," alimwambia mke wangu kwenye simu, "mniache na giza langu, nimeshalizoea." Daktari wa macho alikuwa anakuja Kisumu kutoka Nairobi kwa siku hiyo moja. Orodha ya wagonjwa ingefungwa saa tisa alasiri.

Wale wenzangu ambao hamtoki kwetu, jueni pia mambo ya mkwe. Siku hizi wengi wameyaacha, lakini kwa kina mke wangu bado ni sheria. Mimi na mama hatushikani mikono, hatuli pamoja, hatutazamani usoni, na hatusemezani moja kwa moja kama kuna mtu wa kupitishia maneno. Katika miaka kumi na moja ya ndoa nadhani nimeona zaidi viatu vyake kuliko uso wake. Mtu mwenye adabu hiyo ndiye aliyekubali kumsafirisha kwa saa tatu ndani ya kisanduku cha bati.

Mamboleo hadi Mbita

Tulitoka nyumbani Mamboleo, hapa Kisumu, saa kumi na moja alfajiri. Kulikuwa na manyunyu na kibaridi, na tulipopita Nyamasaria mke wangu akasukuma kile kitufe cha hita nusu, apate joto la miguu. Kisha jua likatoka, tukakisahau pale pale kilipo. Gari lilikwenda vizuri hata nikaanza kulisifu kwa sauti. Mke wangu aliniomba ningoje tufike kwanza.

Kwa mama tulifika saa mbili. Nilipewa chai na viazi vitamu peke yangu katika nyumba ya shemeji, kama inavyotakiwa, huku nikisikia mama na binti yake wakibishana jikoni. Ubishi ulikuwa wa samaki. Mama alitaka kumpelekea daktari mbuta. Mtu anayekufungua macho, alisema, hawezi kurudi Nairobi mikono mitupu. Mke wangu akamwambia kwamba gari limeoshwa, kwamba hospitali haipokei samaki, na kwamba ubishi umekwisha.

Ubishi ulikwisha kweli. Mama akatoka na begi moja la nguo, zito ajabu, akakataa liwekwe nyuma kwenye buti. Alilitaka sakafuni karibu na miguu yake. Nilinusa samaki, lakini Mbita yote hunuka samaki, na si kazi ya mkwe kunusa begi la mama mkwe. Akakaa nyuma kushoto, mbali nami kadiri gari lilivyoruhusu, tukaondoka saa tatu.

Mbita hadi Homa Bay

Vilima vya kuelekea Homa Bay vinapendeza kwa mtu ambaye hatazami geji ya joto. Mimi nilikuwa naitazama. Mshale uliacha mahali pake pa kila siku, ukapanda taratibu, na kabla hatujaingia mjini mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti.

"Muulize mume wako," mama akasema kwa nyuma, "hilo gari linapika nini?"

"Mama anauliza unapika nini," akasema mke wangu.

"Mwambie ni joto kidogo tu."

"Anasema ni joto kidogo."

"Nimesikia," akasema mama.

Homa Bay nilipata fundi mmoja aliyekuwa na ovaroli safi mno, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka. Alisikiliza maelezo yangu kwa sikio moja, akashika spana.

"Boss, hapa tunatoa thamostati. Hiyo kitu iliwekwa na watu ya nchi ya baridi. Huku kwetu inakusaidia na nini?"

"Ilishatolewa," nikamwambia.

"Nani alitoa?"

"Fundi wa Kisumu."

Hakuniamini. Akafungua, akakuta nafasi tupu, na nikaona huzuni ya kweli usoni pake, maana mwenzake alikuwa ameshaila kazi yake. Alifikiria kidogo, akajaza maji rejeta nzima, lita nne na zaidi, akanipa dawa ya pili.

"Basi washa hita. Washa yote, mpaka mwisho. Inavuta joto ya injini inaleta huko ndani. Nyinyi mtasikia moto kidogo, lakini gari itasikia poa."

Saa ilikuwa tano. Nikasukuma kitufe mpaka mwisho.

Homa Bay hadi Kendu Bay

Ninyi mnalijua jua la Homa Bay karibu na saa sita. Sasa liongezeni hita. Tulifungua madirisha yote, na bado nilihisi nyayo zangu zikiiva. Mke wangu alivua kitambaa cha kichwa, kitu ambacho hakijawahi kutokea mbele ya mama yake safarini. Mama aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ndogo, zile za kufariji wafiwa.

Lakini mshale ulishuka. Nikamwonyesha mke wangu kwa majivuno makubwa.

"Nani anakula peremende?" akauliza badala ya kunisifu.

"Hakuna."

"Nasikia harufu tamu. Baba Apiyo, kama umeficha peremende, toa."

Hata mimi niliisikia, utamu fulani wa dawa ya kikohozi uliochanganyika na ule usamaki. Kioo cha mbele nacho kilikuwa kinafunga ukungu wenye mafuta, jua kali hivyo. Nilikifuta kwa kiganja nikaendelea. Mimi nafundisha sayansi, mnajua, kidato cha pili. Nimewaambia watoto mara ngapi kwamba maji yakipotea hapa yametokea pale? Sikukumbuka hata neno moja.

Tukikaribia Kendu Bay mshale ulipanda tena, safari hii kwa haraka. Nilipofungua rejeta baada ya kungoja ipoe, ilikuwa tupu.

Kendu Bay walikuja mafundi watatu kwa mpigo. Mmoja akaingia chini ya gari, mmoja akazungusha feni kwa mkono, wa tatu akawa wa kunihurumia. Yule wa chini akatoka.

"Chini ni kavu kabisa. Hakuna hata tone."

"Kwa hivyo maji inaenda wapi?" akauliza wa feni.

Wakatazamana kama madaktari wanaotaka kumwambia mtu habari mbaya. "Mwalimu," akasema wa huruma, "hiyo ni gasketi ya injini. Injini inakunywa maji. Tunafungua yote. Siku mbili hivi, tatu."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu. Sitawadanganya, niliumia. Mke wangu hakungoja niinuke. Akaenda barabarani, akasimamisha gari la abiria lililokuwa linakwenda Kisumu, akarudi mbio kumchukua mama yake.

Mama akakataa. "Siwezi kuliacha gari la ora." Ora ndiyo mimi, mkwe wake.

"Mama, saa zinakwenda!"

"Nimesema siliachi. Tulikuja nalo." Na alikuwa amelibana lile begi kwa miguu yote miwili.

Lile gari la abiria likaondoka. Mimi nilikuwa karibu kulia kwa heshima niliyopewa. Miaka kumi na moja nikiogopa kwamba ananiona si kitu, kumbe hivi ndivyo anavyonithamini! Nikawalipa mafundi kwa shukrani, nikawaambia hakuna kufungua injini, tutaongeza maji njiani mpaka tufike.

Walikula ndani ya hoteli, mama na binti yake. Mimi nilipewa sahani yangu ya ugali na omena nyuma, karibu na mlango wa jikoni, nisimwone mkwe akila. Nikiwa pale nikamwona mama akipapasa ukuta hadi kwenye bomba la uani, peke yake, leso mkononi. Akaikamua. Yakatoka maji mengi. Akaisuuza, akaikamua tena, akaikunja vizuri, akaiweka kwapani. Nilifanya alichotakiwa kufanya mwanamume aliyelelewa vizuri. Niligeuza mgongo nikatazama ukuta, nikaendelea na omena zangu.

Kendu Bay hadi Ahero

Tulinunua mitungi mitatu ya plastiki ya lita kumi kumi. Kila baada ya kilomita chache nilisimama, nikangoja, nikafungua kifuniko kwa tambara, nikamimina. Katika kituo cha pili mke wangu ndiye aliyeshika tambara. Katika cha tatu aliniambia kwa sauti ya chini, tukiwa wawili nyuma ya boneti iliyoinuliwa:

"Hatakubali tena. Unamjua. Tukimrudisha leo bila kutibiwa, atakufa haoni."

Nikamwambia tutafika. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo. Hita bado ilikuwa imewashwa hadi mwisho, kwa kuwa fundi wa Homa Bay alisema ndiyo inayotuokoa.

Tulipita Katito saa saba na nusu. Mbele kidogo, mashamba ya mpunga ya Ahero yakianza kuonekana, gari likaunguruma vibaya nikalitoa kando ya barabara. Mitungi yote ilikuwa mitupu. Mbele yetu palikuwa na kibanda cha bati, na nje yake pampu za kumwagilia mashamba zimepangwa, zingine zimefunguliwa matumbo. Mwanamke wa miaka arobaini hivi alikuwa amekaa katikati yake, grisi hadi viwikoni. Jina lake Achieng'. Nilikwenda kumwomba maji tu.

"Maji iko," akasema. "Lakini hii ya ngapi leo?"

"Ya saba. Nane. Mafundi wanasema ni gasketi, injini inakunywa."

"Moshi ni nyeupe?"

"Hapana."

"Oili imekuwa kama chai ya maziwa?"

Nikachomoa kijiti cha oili. Ilikuwa oili tu, nyeusi na safi ya aina yake.

"Basi injini haijakunywa kitu. Chini je?"

"Kavu."

Akafuta mikono, akainama mara moja, akaona ni kavu kweli. Halafu akanitazama. "Wewe kazi yako nini?"

"Mwalimu."

"Wa nini?"

"Sayansi."

Achieng' akacheka mpaka akashika pampu asianguke. "Mwalimu, maji ya lita zaidi ya thelathini. Haiko nje, haiko kwa injini. Imebaki wapi? Mmeangalia ndani mnakokaa?"

Nikasema mbele ni pakavu. Akauliza na nyuma. Nikamweleza kwamba nyuma amekaa mama mkwe wangu, na kwamba si mahali pa mimi kwenda kupapasa.

"Huyo ni mkwe yako. Si mkwe yangu," akasema, akaenda kufungua mlango.

Ahero, kando ya pampu

"Mama, oimore," Achieng' akamsalimu. "Miguu yako iko aje?"

Nikasikia begi likivutwa.

"Mama?"

Nilikuwa nimesimama mbali nimegeuka, lakini masikio hayana adabu. Nikamsikia mama akivuta pumzi.

"Ni samaki wangu," akasema. "Msimwambie ora."

Yakatoka yote. Ndani ya begi la nguo kulikuwa na beseni, ndani ya beseni mbuta, na juu ya mbuta barafu aliyonunua ufuoni kwao. Tangu Homa Bay alihisi maji miguuni. Akajua barafu yake imeyeyuka, inaharibu gari la mkwe lililooshwa, na binti yake alikuwa amemkataza. Basi alipangusa. Alipangusa njia nzima kwa leso, na kila tuliposimama kuongeza maji kwa mbele, yeye alikuwa anayakamua yale yale kwa nyuma. Ndiyo maana hakutaka kuhamia gari lingine. Angehamaje na begi linalovuja mbele za watu?

Nikakumbuka heshima yangu ya Kendu Bay nikanywea kidogo.

Achieng' aliinua begi akalitua chini. Kwa nje kitako chake kilikuwa kimelowa, lakini ndani, kuzunguka beseni, palikuwa pakavu. Barafu ilikuwa imeyeyuka zaidi ya nusu, lakini maji yake yote yalikuwa yamebaki ndani ya beseni. Akavuta zulia la gari, akaingiza vidole, akavitoa vimelowa maji ya kijani.

"Mama, samaki yako haina makosa. Hii ni maji ya rejeta. Si unaona rangi?"

"Mwanangu, mimi naona rangi gani?"

Mke wangu alikuwa ameshika mdomo. "Lakini mama, barafu gani inatoa maji ya moto?"

"Nyinyi mlikuwa mmewasha jiko huko mbele," akajibu mama. "Nilidhani gari hili linapasha kila kitu."

Achieng' akanieleza huku akifungua boneti. Hita nayo ina rejeta yake ndogo, nyuma ya dashibodi. Hiyo ndiyo iliyotoboka; ile harufu tamu ilikuwa dawa ya kijani ya rejeta, na ukungu wa kioo ulikuwa mvuke wake. Maji yalikuwa yanapita chini ya zulia, na tukipanda kilima yanarudi nyuma, yanatua miguuni kwa mama. Hita ikizimwa, hakuna maji mengi yanayokwenda huko. Ikiwashwa nusu, kama ilivyowashwa alfajiri, yanavuja kiasi. Ikiwashwa hadi mwisho kwa ushauri wa fundi mwenye ovaroli safi, unamwaga mtungi.

"Kwa hivyo kila nilipojitahidi kulipoza..."

"Ulikuwa unaogesha mkwe," akasema Achieng'.

Hakubadilisha kitu chochote. Alichomoa mipira miwili inayoingia kwenye hita, akakata kipande cha bomba la pampu, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, akakaza kwa vibano. Maji yakawa yanazunguka kwenye injini bila kupitia ndani tulimokaa. Dakika ishirini hazikuisha. Nilimwuliza anajuaje magari. Akasema hajui magari, anajua maji.

Nilipompa mkono wa shukrani aliukataa kwa ajili ya grisi, akanipa kiwiko.

Ahero hadi Kisumu

Saa nane na robo tulikuwa barabarani. Mshale ulikaa mahali pake kama mwanafunzi aliyechapwa. Hakuna aliyeimba. Nyamasaria tukakuta msongamano, malori mawili yanabishana nani apite kwanza, na nikamsikia mama nyuma akiuliza ni saa ngapi. Mke wangu akamwambia. Baada ya muda akauliza tena. Ndipo nilipojua kwamba aliyesema amelizoea giza alikuwa anadanganya.

Tuliingia hospitali saa tisa na dakika kumi na mbili. Muuguzi mlangoni alikuwa na karatasi mkononi, imepigwa mstari chini.

"Tuliita jina lake mara mbili," akasema.

Mke wangu akafungua kinywa, na maneno yakakataa kutoka, jambo la pili kutokea siku ile ambalo halijawahi kutokea. Nikajikuta nasema mimi. Nilieleza yote nikiwa nimesimama pale, hita, leso, mbuta, kwa mpangilio mbaya kabisa. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama miguu ya mama, viatu vilivyolowa, soksi zenye ukijani. Akaingia ndani, na sisi tukabaki tumesimama. Alipotoka alikuwa na joho la wagonjwa mkononi.

"Atakuwa wa mwisho. Na samaki asiingie humu."

Samaki tulimpika usiku ule Mamboleo. Daktari alipelekewa kesho yake kipande cha mgongoni kwenye bakuli lenye kifuniko, na nasikia alikimaliza kabla ya kupanda ndege.

Asubuhi yake wodini

Walifungua bandeji saa tatu asubuhi. Lilikuwa jicho moja, la kulia. La kushoto litafuata. Mke wangu alikaa kitandani karibu naye. Mimi nilisimama mlangoni, mbali, nikitazama sakafu kama kawaida yangu.

Muuguzi akamwambia afumbue pole pole. Mama akafumbua. Akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha nikahisi ananitazama mimi, nikainua macho bila kupanga.

"Yule mzee pale mlangoni ni nani?" akauliza.

"Mama," mke wangu akacheka, "huyo si mzee. Huyo ni Baba Apiyo."

Mama aliendelea kunitazama. "Lakini mimi nilimwoza binti yangu kwa kijana," akasema. "Alikuwa mwembamba. Hakuwa na hizo mvi."

Tulicheka, hata muuguzi. Nilicheka kuliko wote, nikiwa nimeshika kichwa changu. Mama hakucheka. Akamgeukia mke wangu, akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza taratibu kuelekea dirishani kwenye mwanga, akamtazama kwa muda mrefu sana.

"Na wewe pia," akasema.